Kumpulizia Mwenzako

Vijana wangu, tunzeni meno. Naanza na hilo kabla ya habari za noti na mizani, kwa sababu nimeishi na wapuliza maisha yangu yote na sijaona hata mmoja aliyeachishwa kazi na mapafu. Mapafu hulalamika mapema, ukayasikia, ukapunguza sigara. Jino la mbele hukaa kimya miaka nenda miaka rudi, halafu siku moja unauma muwa, basi. Mpiga gitaa anaweza kupiga hata akiwa kibogoyo. Mpuliza tarumbeta hawezi, kwa kuwa ule mdomo wa chuma unaegemea midomo yako, na midomo yako inaegemea meno.

Mimi nimepuliza saksafoni katika mji huu tangu nina nywele mpaka sina. Muziki wetu wazee waliuita jazi, sisi tukauita dansi, nyinyi mnauita zilipendwa, kana kwamba mlishauzika na arobaini mkasoma. Sigombani na mtu kwa ajili ya jina. Mnapenda kuniuliza siku ya mpuliza ilikuwaje, na naona mnatarajia visa vya wanawake na pombe. Siku yenyewe ilikuwa ya kupanda gari, kushuka gari, na kutafuta mahali pa kutundika koti. Nitawasimulia Jumamosi moja tu. Ndani yake mna sehemu kubwa ya niliyojifunza, pamoja na kosa ambalo mpuliza tu ndiye anayeweza kulifanya.

Bendi yetu haikuwa mali yetu. Katika dansi, mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, yaani yule aliyenunua magitaa, spika na ngoma. Sisi wengine tulileta pumzi na vidole. Mwenye vyombo wetu alikuwa Mama Zubeda, muuza vitenge wa Mtaa wa Narung'ombe. Majina ya noti hakuyajua, lakini masikio alikuwa nayo. Tulikuwa tunafanya mazoezi uani, nyuma ya duka lake, naye huko mbele anapima kitambaa na mteja, mara unasikia: "Nyie! Hapo kati pamepwaya!" Ukirudia unakuta kweli pamepwaya.

Tarumbeta lilipulizwa na Mzee Nandonde, mtu wa Masasi aliyekuja Dar kijana, akaoa hapa, akazeekea hapa. Ndiye aliyenifundisha kazi. Nilikwenda kwake nikijiona fundi, akaninyang'anya saksafoni, akanipa glasi ya maji na mrija. Akataka nipulize mapovu yasikatike huku nikivuta hewa kwa pua. Majirani walidhani nimerogwa. Nilipoweza, akanirudishia ala yangu, akasema, "Sasa unaweza kuanza kujifunza."

Mengine alinifundisha njiani, bila kunikalisha chini. Usipulize umeshiba ubwabwa. Usinywe soda ya baridi kabla ya kupanda jukwaani, midomo inakufa ganzi. Ukipiga juani, funika ala kwa kitenge kila unapopumzika, maana ikipata moto sauti yake inapanda, na gitaa la mwenzako halipandi nayo, mtasikika kama mnagombana. Na usibishane na mwenye shughuli kabla hujala chakula cha shughuli. Hili la mwisho limenisaidia kuliko yote.

Basi mwaka ule Mzee Nandonde alikuwa amepoteza jino la juu la mbele, akawekewa la bandia. Sauti za chini na za kati alizipata kama kawaida. Taabu ilikuwa moja. Katika wimbo wetu wa kufungulia, aliotunga yeye mwenyewe, kuna mahali waimbaji wananyamaza, magitaa yananyamaza, na tarumbeta linapanda peke yake mpaka noti ya juu kabisa na kuishikilia, hadi ngoma ije kutuokoa. Kariakoo nzima iliijua noti ile. Watu walikuwa wanainua mikono kuingoja. Jino la bandia lilipokazwa lilikuwa linasogea, na noti ilianza kukatika.

Ijumaa Mama Zubeda akaniita dukani.

"Shomari, kesho mna kazi tatu. Asubuhi matarumbeta ya harusi, mchana hotelini kule mjini, alasiri bonanza la dansi pale ukumbini Mnazi Mmoja. Hiyo ya bonanza nakuja mwenyewe."

"Karibu sana, Mama."

"Usinikaribishe, vyombo vyangu. Nakuja kumsikiliza mzee. Juzi ile sauti yake ya juu imekatika, watu wakacheka, mi' nikaona aibu mpaka nikajifanya naongea na simu. Kesho ikikatika tena, natafuta mtu mwingine."

"Mama, huyu ndiye aliyeisimamisha hii bendi."

"Najua. Na nikikutana naye njiani nampa shikamoo yake. Tarumbeta halina shikamoo."

Sikumchukia. Alikuwa mfanyabiashara, na kitenge kikichuja hukiweki mbele ya duka. Lakini nilirudi nyumbani moyo mzito, kwa sababu Mzee Nandonde hakuwa na kazi nyingine wala hakuwahi kuitafuta, na nje ya bendi sikuona angekuwa mtu gani.

Hapa niwaambie desturi ambayo hamtaikuta kwenye video zenu za mtandaoni. Mpuliza akianza kuishiwa, mwenzake hamwambii. Anampulizia. Unajua mahali atakapokwama, unavuta pumzi kabla yake, unaingia chini kwa chini na noti yake. Akiipata, unajiondoa taratibu. Asipoipata, unabaki nayo mpaka mwisho. Saksafoni si tarumbeta, lakini kule juu kabisa, ukikaza midomo na kuielekeza ala ukutani, hata mpiga besi aliyesimama karibu yako anaweza kudanganyika. Msikilizaji hasikii kitu. Mwenyewe naye, kama una adabu, hasikii. Mtu anapuliziwa hivyo hadi siku atakapojisikia mwenyewe na kuweka ala chini kwa hiari yake. Niliamua Jumamosi yote nitampulizia Mzee.

Asubuhi tukapanda kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, sisi wapuliza na wapiga ngoma nyuma, tumeketi tukiutazama msafara wa harusi unaotufuata. Tulimchukua bibi harusi kwao, tumpeleke kanisani mjini. Mambo yalikwenda vizuri hadi taa za Msimbazi. Sisi tulipita, taa ikawaka nyekundu, msafara wetu ukabaki nyuma. Kutoka barabara ya pembeni ukaingia msafara mwingine. Gari jeupe, utepe wa zambarau, maua juu ya boneti. La kwetu lilikuwa hivyo hivyo, kwa sababu mapambo yote ya magari hununuliwa duka moja na mabibi harusi wote huvaa shela. Gari lile likakata kona kuelekea Ilala. Dereva wetu akaliona kwenye kioo, akadhani wameamua kukwepa foleni, akageuza na kulifuata. Nasi tukapuliza kwa moyo mmoja.

Watu wa msafara ule walifurahi ajabu. Hawakuwa wamekodi matarumbeta, wakadhani ni zawadi ya upande wa bwana harusi. Vitambaa vikatoka madirishani. Shangazi mmoja alishuka foleni iliposimama, akacheza katikati ya barabara, bodaboda wakimpigia honi na kumshangilia. Mzee Nandonde aliona watu wamefurahi, akaanza wimbo wetu wa kufungulia. Ilipofika noti ya juu nikavuta pumzi, nikaingia chini yake. Yake ikatetereka na kuzima, yangu ikabaki. Katika zile honi na vigelegele ilikuwa kazi rahisi. Nikamtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameshusha tarumbeta na kulitazama.

Hapo simu yangu ikaita. Mwenyekiti wa kamati ya harusi.

"Mko wapi nyie watu?"

"Tupo na bibi harusi, mwenyekiti."

"Bibi harusi gani? Bibi harusi tuko naye hapa nje ya kanisa, amegoma kushuka kwenye gari! Anasema haingii bila matarumbeta!"

Tukagonga paa la gari, dereva akasimama. Kugeuza gari nako kulikuwa kazi, maana yule shangazi alishika bodi ya kirikuu kwa mikono miwili. "Hamwendi popote! Nyie mmeletwa na Mungu!" Tukampigia kipande kimoja cha kumbembeleza, akaachia. Tulifika kanisani tumeloa jasho, tukapuliza upya tangu mwanzo kwa bidii ya watu wenye hatia, na Mzee Nandonde, badala ya kupumzisha midomo, akapuliza mara mbili ya ilivyopangwa, jua likiwa utosini. Noti ya juu ilipofika tena, nikampulizia tena. Tuliposhuka kwenye gari mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba.

Mchana tukawa hotelini. Hotelini, vijana, mnatakiwa kupiga muziki ambao mtu anaweza kuutafunia chakula. Meneja wetu alikuwa na ishara moja tu, kiganja kikishuka taratibu, na aliitumia hata tulipokuwa tunafunga kamba za viatu. Mzee Nandonde alikuwa na dawa yake. Alichukua kile kipira cha kuzibulia masinki, kipya, akakitoa mpini, akawa anafunika nacho mdomo mpana wa tarumbeta na kufunua, sauti inakuwa kama ya mtu anayenong'ona akiwa na mafua. Meneja aliipenda sauti, akatuomba tu kipira kisionekane na wateja.

Tulipopewa chakula, Mzee aliacha kuku akachovya mkate kwenye mchuzi. Nilijua habari za Mama Zubeda zilishamfikia. Kariakoo siri haikai. Mimi nilitafuna kuku nikiona vibaya kutafuna.

Tukatoka kwa miguu kuelekea Mnazi Mmoja, ala mabegani. Njiani akaniuliza:

"Shomari, ile noti ya juu, wewe ungeipigaje?"

"Ningeipigaje kivipi, Mzee?"

"Basi. Twende, tutachelewa."

Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wazima wengi, na vijana wachache walioletwa na wazazi wao. Mama Zubeda alikaa meza ya mbele, mkoba mapajani. Mzee alipopita akamwinamia kidogo. "Shikamoo, Mzee Nandonde."

"Marahaba, mwanangu. Biashara?"

"Tunamshukuru Mungu."

Walizungumza vizuri tu, kama watu wasiodaiana neno.

Tukafungua na wimbo wetu. Waimbaji wakamaliza beti zao, magitaa yakazima, mikono ya watu ikapanda. Mzee akapanda na tarumbeta, hatua kwa hatua. Nikaelekeza saksafoni ukutani, nikavuta pumzi kabla yake, nikaingia. Noti ikatoka safi, ikasimama. Nikamwona Mama Zubeda ametulia, kichwa kinaitikia. Nikasema moyoni, tumevuka.

Nilipogeuza macho, Mzee Nandonde alikuwa ameshusha tarumbeta mpaka kiunoni. Hakuwa amepuliza noti ile hata kidogo. Amesimama mbele ya ukumbi mzima, midomo imefungwa, ananitazama mimi, na noti yake inaendelea kulia.

Hebu jiwekeni pale. Nikiacha, noti inakatika mbele ya Mama Zubeda. Nikiendelea, kila mwenye macho anaona tarumbeta liko kiunoni. Kuna jambo lililowahi kunitia aibu zaidi katika maisha yangu, lakini hilo halihusu muziki. Nikaendelea, kwa sababu pumzi ya mpuliza imezoeshwa kumaliza noti. Ngoma ikaja, wimbo ukaingia kwenye sebene, Mzee akarudisha tarumbeta mdomoni na kupiga sehemu zake za chini kama hapakutokea kitu.

Mapumziko yalipofika alinivuta nyuma ya spika.

"Umeipiga vizuri mno," akasema.

"Mzee, nisamehe. Mama Zubeda alisema…"

"Najua alichosema. Sikiliza mimi. Nilikujua asubuhi, pale kwenye gari. Noti ile sijawahi kuipata moja kwa moja tangu niitunge. Huwa naanzia chini yake, naparamia kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji kichwani, ndiyo naifikia. Leo ikatoka imenyooka. Nikajiuliza, huyu nani? Maana jino la bandia halimfanyi mtu awe hodari." Akacheka, akashika mdomo, kucheka kulimuuma. "Kanisani nikasikiliza tena. Hapa nikaacha kabisa kupuliza, nihakikishe."

"Nilitaka isikatike tu."

"Umefanya utu. Lakini ukimpulizia mtu, mpulizie na makosa yake. Ukimpa noti nzuri kuliko yake, umeshamwambia."

Kisha akaenda mwenyewe kwenye meza ya mbele. Nilimfuata kwa nyuma, sikutaka aende peke yake. Akalilaza tarumbeta mezani, jirani na soda ya Mama Zubeda.

"Mwanangu, hili nimeliacha. Mtafute mtu, nitamwonyesha wimbo wote, na hiyo ngazi yake."

Mama Zubeda aliisogeza soda isilimwagikie tarumbeta. Alikuja pale na maneno yake tayari, na sasa hakuwa na mahali pa kuyatumia.

"Na wewe, Mzee?"

"Mimi nitatikisa manyanga. Yale hayahitaji meno."

"Haya. Chukua," akasema, sauti imemgeuka kidogo. "Na hayo ni yangu, usije ukanipasulia."

Ngwe ya pili Mzee Nandonde alisimama pembeni na yale manyanga mawili, vibuyu vyenye mbegu ndani, akiyatikisa kwa mpangilio uliofanya ngoma nzima ikae sawa. Mimi nililia nyuma ya spika kabla ya kupanda jukwaani, nikasingizia jasho. Nilijiona nimemuua kwa kumpenda. Alikaa na bendi miaka kadhaa zaidi, akatikisa manyanga hadi mwisho wake, na sijasikia tena manyanga yaliyotikiswa hivyo.

Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, kila anapoingia mpuliza mpya. Nilimsimulia na Mwanaidi, binti aliyejifunzia katika bendi ya shule yao na kuja kwetu kushika saksafoni ya pili. Alisikiliza huku anapaka mafuta vitufe vya ala yake. Aliuliza swali moja tu: "Sasa Babu Shomari, makosa yako wewe ni yapi?"

Nikamtajia kwa kujigamba, nikidhani ananitania. Naingia kwa kuchelewa kidogo, kama mtu aliyekuwa anafunga mlango. Na noti ndefu ikifika mwisho, sauti yangu inatetemeka kama mbuzi. Watu wa Kariakoo walimzoea yule mbuzi, wengine walimpenda.

Miaka ikapita. Hivi karibuni tulipiga kwenye harusi moja, na baadaye mjukuu wangu akaniletea simu. "Babu, njoo ujione, umerushwa mtandaoni." Nikavaa miwani. Nilikuwa mimi, nimesimama na koti langu, na ile noti yangu ndefu inakuja. Nilikumbuka vizuri nilivyoishika siku ile mpaka mwisho. Kwenye video nimeishika nusu. Halafu nimeachia, nimepanua mdomo, navuta hewa kama samaki wa soko la Feri, mara mbili, mara tatu. Na noti yangu inaendelea kulia. Iliingia kwa kuchelewa kidogo. Ilipofika mwisho ikatetemeka, mbuzi yule yule. Nyuma yangu Mwanaidi ameelekeza saksafoni ukutani.

Nikamwambia mjukuu arudie. Akarudia. Nikataka nikasirike nikashindwa.

Jumatatu nilikwenda dukani Narung'ombe. Mama Zubeda sasa anavaa miwani minene na kukaa kwenye kiti, wanawe ndio wanaopima vitambaa. Nikalaza saksafoni kwenye meza ya vitenge. Alinyoosha kidole uani.

"Manyanga yapo pale pale alipoyaacha mzee wako. Usije ukanipasulia."

Jumamosi iliyofuata nikasimama pembeni, natikisa. Noti yangu ilipokaribia nilimtazama Mwanaidi, naye alinitazama kidogo, akageuka kuwaelekea watu, akaacha ukuta. Akaingia kwa wakati wake hasa, noti imenyooka, imejaa, haina mbuzi. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiipiga hivyo. Ndipo nilipojua ni kwa muda mrefu kiasi gani alikuwa akiiharibu kwa ajili yangu.